Bwana Tulia na Milimita Nane

Bwana Tulia ndiye aliyekuwa mgonjwa mwema kuliko wote katika idara yetu ya picha. Hakohoi, hajikuni, haulizi majibu yatatoka lini. Ukimlaza kwenye kitanda cha mashine ya skani analala hivyohivyo mpaka umtoe. Fundi wa picha ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu wagonjwa wengine wote alikuwa akiwaimbia, "Tulia mama, tulia kidogo, usipumue," na huyu peke yake hakuhitaji kuimbiwa. Huyu hakupumua kabisa. Alikuwa jeli.

Na mimi ndiye niliyekuwa nampika.

Niliajiriwa kufagia na kupiga deki, na kazi hiyo sikuiacha. Lakini Profesa alipoanza utafiti wake wa kupima uvimbe wa saratani kwa programu ya kompyuta, alihitaji mgonjwa wa bandia: bonge la jeli lenye uvimbe ndani, na ukubwa wa uvimbe huo uwe unajulikana, ili programu ikipima ionekane kama imepatia au imekosea. Wasaidizi wake wawili, wote wenye shahada, wakaingia jikoni kwetu kuipika. Ya kwanza haikuganda. Ya pili iliganda na mapovu, ikatokea kwenye picha kama mtu aliyepigwa risasi za kuwindia ndege. Ya tatu waliiunguza, na sufuria nikaisugua mimi. Hapo ndipo nikasema, "Nipeni hiyo paketi ya unga."

Niliipika kama ninavyopika chochote kinachokaa motoni, kwa jina la Mungu na kwa kutoondoka jikoni. Jelatini unainyunyiza kwanza kwenye maji baridi, unaiacha inywe, ndipo unaipasha polepole, na povu unaliengua kwa kijiko mpaka uone chini ya sufuria. Uvimbe wenyewe niliumimina kwenye kalibu ya plastiki, vikombe viwili vidogo vinavyofungana vikawa mpira mmoja. Humo nilitia rangi ya bluu na matone ya ile dawa wanayochomwa wagonjwa ili picha ing'ae. Mpira ukishika, naulaza katikati ya bonge, namwagia jeli nyingine juu, ya vuguvugu, maana ya moto ingeuyeyusha. Kalibu ile ilikuwa na upana wa milimita arobaini. Niliipima mwenyewe kwa rula. Na kila nikishaiosha niliitia mfukoni mwa aproni, kwa kuwa vitu vidogo katika idara ile vilikuwa na miguu.

Kisha niliandika kwenye daftari la jeli: tarehe, maji, unga, uvimbe milimita ngapi, jina la mpishi. Kwenye jina la mpishi niliandika "Mama wa usafi", ndivyo walivyoniita wote.

Profesa alikuwa mtu mrefu, suti zimemkaa, sauti ya kuhutubia hata anapoomba stepla. Programu yake aliiita "mwanangu". "Mwanangu leo kapima picha arobaini kabla sijamaliza kahawa!" Watoto wake wa kuzaa hatukuwahi kusikia wamepima nini.

Malezi ya mtoto huyo wa kompyuta niliyaona, kwa sababu yalifanyika saa zangu za deki. Miezi minane Profesa alikaa mbele ya skrini, akiletewa picha za wagonjwa wa zamani moja baada ya nyingine, mia sita na ushee, na katika kila picha alichora kwa kipanya mstari wa kuzunguka uvimbe. Programu ikawa inatazama mistari hiyo na kujifunza: kumbe uvimbe huu unaishia hapa, na huu unaishia pale.

"Ni kama mtoto anayejifunza kuandika kwa kufuatisha mkono wa baba," Fundi alinieleza.

"Na mkono wa baba anaukagua nani?"

"Mama, inua ndoo, nipite."

Sasa kuna jambo moja la Profesa ambalo wachache walilijua. Alikuwa na miwani. Ilikaa ndani ya kasha jeusi, juu ya kabati la mafaili, na kulifuta vumbi kasha hilo ilikuwa kazi yangu ya kila Jumatatu. Vumbi la wiki nzima, halina hata alama ya kidole. Simu yake aliisoma kwa kunyoosha mkono mpaka mwisho, kama mtu anayemkabidhi mwingine mtoto aliyejikojolea. Barua zenye maandishi madogo alimpa Fundi: "Nisomee wewe, kichwa changu kina mambo." Ukutani kwake kulikuwa na picha yake kubwa ya siku aliyopewa uprofesa. Hakuwa na miwani siku ile, na alikuwa amekusudia kuendelea kufanana na ile picha.

Niliyaona hayo nikanyamaza. Macho ya mtu ni yake, nilijiambia. Mimi nilikuwa mtu wa sakafu.

*

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alihamia kwangu mwaka ule alipopatikana na uvimbe kwenye ini. Hatukuwahi kupatana sana. Siku ya msiba wa kaka yake alinishika mkono makaburini, akaushika vizuri, akanong'ona, "Sanda umeikunja vibaya." Lakini hakuwa na mtu mwingine, na mimi pia sikuwa naye.

Aliingizwa kwenye utafiti wa dawa mpya, hapo hapo idarani kwetu. Dawa hiyo haikupatikana duka lolote wala hospitali nyingine, ukitoka kwenye utafiti umetoka. Na masharti yalikuwa wazi, kila mgonjwa alisomewa akatia sahihi: uvimbe ukiongezeka upana kwa moja ya tano, dawa imeshindwa, mgonjwa anaondolewa. Siku ya kwanza Daktari Mzee, mpimaji wetu wa siku zote, aliupima uvimbe wa wifi kwa mkono wake kwenye skrini, akapata milimita thelathini na tano.

Wifi alipokuwa mgonjwa kwelikweli alikuwa na adabu. Hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya. Alikuwa akisema "ahsante wifi" na "usijisumbue wifi", mpaka nikawa nalia peke yangu kwenye karo na sabuni mikononi. Mwezi wa tatu wa dawa, siku moja mchana, alionja supu yangu, akaweka kijiko chini, akasema, "Hivi kaka yangu alikufa kwa moyo, au kwa supu hii?"

Niliingia chumbani nikapiga magoti nikamshukuru Mungu. Kuanzia siku hiyo hakupumzika. Mapazia yangu yalimkera, kuimba kwangu kulimkera, hata sala zangu aliona ndefu: "Mungu amekwisha kusikia, wifi, mwache ahudumie na wengine." Sketi iliyokuwa ikimteleza ikaanza kumkaa.

Mwezi wa nne Daktari Mzee akastaafu. Tulikata keki, Profesa akahutubia, na mwishoni mwa hotuba akatangaza kwamba kuanzia siku ile mwanawe ndiye atakayepima kila mgonjwa. Watu wakapiga makofi na mimi nikakusanya sahani.

Wifi alipigwa skani Jumatatu. Jumatano asubuhi niliingia ofisini kwa Profesa kufuta meza, nikakuta barua tatu zimepangwa zinasubiri sahihi. Sikufungua kitu, zilikuwa zimelala wazi. Ya juu ilikuwa na jina la wifi yangu. *Uvimbe milimita arobaini na tatu. Ongezeko ni zaidi ya moja ya tano. Mgonjwa aondolewe.* Juu yake kulikuwa na kikaratasi cha njano: *Kutiwa sahihi Ijumaa, wageni wakishaondoka.*

Nilisimama pale na kitambaa mkononi. Kama ningeambiwa hivyo miezi miwili nyuma, wifi alipokuwa na adabu, ningeamini. Lakini asubuhi ileile mwanamke huyo alikuwa ameniambia kwamba natembea kama kabati linalohamishwa. Mtu anayemalizika hana nguvu za kutafuta maneno kama hayo.

*

Wageni wa Ijumaa walikuwa kamati inayokuja kuamua kama programu ya Profesa isambazwe hospitali nyingine. Kwa hiyo Jumatano mchana walifanya mazoezi. Bwana Tulia akalazwa kwenye mashine, akapigwa picha, programu, ambayo haikuwa imewahi kumpima, ikapewa ipime.

Fundi akaniita kupitia dirisha la kioo. "Mama, umebadilisha kalibu?"

Nikaitoa mfukoni nikamwonyesha. "Hii hii. Kwa nini?"

"Mtoto wa Profesa anasema arobaini na nane."

"Na wewe unasemaje?"

Akageuka kuangalia mlango, kisha akavuta mstari kwa kipanya, upande hadi upande wa lile duara jeupe. "Mimi napata arobaini kamili."

Arobaini, arobaini na nane. Thelathini na tano, arobaini na tatu. Nikahesabu kwa vidole chini ya aproni, nikahesabu tena. Zilikuwa nane huku na nane huku.

"Fundi," nikasema, "nipimie na picha ya wifi yangu. Ile ya Jumatatu."

"Mama, hiyo si kazi yangu."

"Jeli ni kazi yangu?"

Akahema. Akaifungua picha, akavuta mstari. Thelathini na tano. Uvimbe haukuwa umesogea hata upana wa unywele. Fundi akaifunga picha haraka, kana kwamba imemwita jina.

"Kamwambie Profesa," nikasema.

"Nimwambie mwanawe amekosea? Siku mbili kabla ya wageni? Mimi nina mkataba wa mwaka mwaka, mama. Nina watoto."

"Na wifi yangu ana ini."

Kabla sijaongeza neno Profesa mwenyewe akaingia, akaambiwa arobaini na nane, akacheka kidogo kama mtu anayesamehe.

"Jeli imevimba," alisema. "Jeli hunywa maji. Ni jambo la kawaida kisayansi. Mama wa usafi, lete daftari, andika uvimbe ni arobaini na nane."

"Profesa, kalibu ni arobaini. Na mpira ulikuwa umezungukwa na jeli, si maji."

"Mama yangu," akasema kwa upole mwingi, "wewe umesoma hadi wapi?"

"Darasa la saba."

"Basi." Akanisogezea kalamu.

Darasa hilo la saba nilikuwa na mwalimu aliyetuchapa vidole kwa jambo moja tu, kuanzia kupima kwenye moja badala ya sifuri. Mengine alitusamehe. "Rula haisemi uongo," alikuwa akituambia, "ni nyinyi mnaoishika vibaya." Nikachukua kalamu ya Profesa, nikaandika tarehe, maji, unga, uvimbe milimita arobaini, mpishi Mama wa usafi. Nikamrudishia daftari. Akalitazama kwa mbali, mkono umenyooka, akasema, "Vizuri sana," akaondoka.

Fundi akaziba mdomo kwa mkono. "Hajaona!" alisema. "Mama, hajaona ulichoandika!"

Naye Fundi ndipo akanitazama, nami nikamtazama, na wote wawili tukatazama juu ya kabati la mafaili, kule ofisini, nyuma ya kioo.

*

Jioni ile nilimweleza wifi, maana uvimbe ni wake. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo lililonitisha.

"Kwa hiyo," akasema, "huyo baba haoni vizuri, na mtoto amerithi macho ya baba."

"Ndivyo ninavyoona."

"Na Ijumaa ananifukuza kwa sababu ya mstari wake mnene."

"Barua haijatiwa sahihi."

Akavuta uzi kwenye shuka. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata makaburini, "Wifi, mimi bado nataka kuishi. Sikutaka kukwambia, ungeniombea kwa sauti."

Nilimwombea kimyakimya. Alhamisi nikapika Bwana Tulia mpya, kwa jina la Mungu, na povu nikaliengua mara mbili.

*

Wageni walikuwa sita. Watano walivaa viatu vinavyolia sakafuni, na sakafu hiyo nilikuwa nimeipiga deki saa kumi na mbili. Wa sita alikuwa mwenyekiti wao, mama mfupi mwenye raba na kalamu mbili kwenye nywele. Alipofika mlangoni aliona sakafu imelowa, akapita pembeni. Nikamwandika moyoni kwa jambo hilo.

Profesa alihutubia. Alisema mkono wa binadamu hutetemeka lakini mwanawe hatetemeki, na binadamu ana njaa, ana usingizi, ana ugomvi na mkewe, lakini mwanawe hana mke. Wageni wakacheka. Bwana Tulia akaletwa kwenye kitoroli, mimi nikisukuma, akalazwa, akapigwa picha. Kwenye skrini kubwa programu ikazungushia duara jeupe mstari mwekundu, na namba ikatokea: 48.

"Na ukubwa wake wa kweli?" akauliza yule mama mwenye raba.

"Arobaini na nane," akasema Profesa.

Mama akafungua daftari la jeli lililokuwa mezani, akateremsha kidole. "Hapa imeandikwa arobaini. Na juzi, arobaini. Na wiki iliyopita pia."

Profesa akanitupia jicho, nami nikatazama ndoo yangu.

"Hiyo ni ya mpishi," akasema. "Jeli ikishamwagwa huvimba. Ni jambo linalojulikana. Lakini tusipoteze muda, nitaupima mwenyewe kwa mkono, wataalamu mjionee." Akakaa, akaegemea nyuma, akachora. Arobaini na nane. Akageuza kiti kwa furaha. "Mnaona? Binadamu na programu wamekubaliana, hawatofautiani hata milimita!"

Viatu vinavyolia vikapiga makofi. Mama mwenye raba hakupiga. Akauliza, "Mpishi yuko?"

"Ni huyu wa usafi," akasema msaidizi mmoja, yule aliyeunguza sufuria.

"Dada," mama akaniambia, "imevimba?"

Nilikuwa nimeomba tangu alfajiri nipewe maneno machache, nikapewa. "Haikuvimba, mama. Lakini kwa nini tubishane, na kisu kipo?"

Nikakitoa. Kilikuwa cha jikoni, nimekinoa. Nikamtoa Bwana Tulia kwenye beseni lake nikamkata katikati, polepole, na ule mpira wa bluu ukafunguka nusu mbili safi, kama jicho. Nikatoa rula. Nikaiweka kwenye sifuri, nikamwita mama asome yeye.

"Arobaini," akasema. Akawaita wenzake. Mmoja mmoja wakainama kwenye jeli na tai zao mkononi. Arobaini. Arobaini. Mmoja akasema thelathini na tisa na nusu, ili naye awe na lake.

Hapo Profesa akafanya kosa ambalo lilinisaidia kuliko sala zangu. "Basi," akasema, "tatizo ni mashine ya skani. Nimeshasema mara nyingi kwamba haitunzwi vizuri."

Fundi wa picha, aliyekuwa amejibana kwenye kona tangu asubuhi na mkataba wake wa mwaka mwaka, akanyanyuka kama aliyemwagiwa maji.

"Mashine yangu?" akasema. "Mashine yangu? Mashine hii naikagua kila asubuhi kabla sijanywa chai! Mashine hii haijakosea milimita moja tangu ifungwe!" Kwa ajili ya wifi yangu hakuwa na ulimi. Kwa ajili ya mashine yake alikuwa simba. Akamtoa Profesa kwenye kiti, akavuta mstari kwenye skrini mbele ya watu wote: arobaini. "Hii hapa! Picha ni ileile! Tatizo si picha, ni anayetazama!"

Chumba kizima kikawa Bwana Tulia.

Nikaenda ofisini. Nikarudi na kasha jeusi, nikaliweka mbele ya Profesa, mikono miwili, kama inavyopasa kumpa mkubwa kitu. "Profesa," nikasema, "nilikufutia vumbi Jumatatu."

Nilidhani angelitupa. Alilitazama muda mrefu, akatazama picha yake kupitia mlango uliokuwa wazi, kisha akaivaa ile miwani. Ilimkaa vizuri, kusema kweli. Akarudi kwenye skrini, akachora. Arobaini na moja. Akafuta, akachora tena. Arobaini.

Kisha bila kuambiwa akafungua picha moja ya zamani, mojawapo ya zile alizomfundishia mwanawe. Mstari wake mwekundu ulikuwa umeuzunguka uvimbe kwa mbali, umeacha ukanda mzima wa nyama isiyo na ugonjwa ndani, kama uzio wa mtu anayemega kiwanja cha jirani. Akafungua ya pili. Ya tatu.

"Mia sita," akasema, na sauti ya kuhutubia ilikuwa imemtoka. "Nilichora mia sita."

Ningeweza kumhurumia wakati ule, na kidogo nilimhurumia. Lakini nilikuwa na neno moja limebaki. "Na zile barua tatu mezani, Profesa?"

"Barua gani?" akauliza mama mwenye raba.

*

Picha za wagonjwa hao watatu zilipimwa upya alasiri ileile, kwa mkono, na watu wawili kila mmoja peke yake, Profesa akiwa wa tatu na miwani yake. Uvimbe wa wifi: thelathini na tano. Mgonjwa wa pili naye, palepale alipokuwa. Wa tatu ulikuwa umekua kweli, hata kwa rula ungekua, na barua ya huyo ikatiwa sahihi, nikamwona mkewe kwenye benchi la nje akiikunja mara nne. Hilo nalisema ili asije mtu akafikiri kwamba miwani inaponya.

Halafu ikajulikana kwamba wiki moja kabla, wagonjwa wawili walikuwa wamekwisha kupewa barua na kuondoka. Walipimwa upya kwenye picha zao, wote wawili walionewa. Mmoja alipigiwa simu akaja siku ileile na begi lake, akidhani tunamwita kumfokea. Simu ya mwingine iliita tu. Fundi aliipiga kila asubuhi akishakagua mashine yake, na mimi nilisimama na fagio mpaka ikate. Iliita wiki mbili. Wiki ya tatu haikuita tena. Nina jina lake kwenye sala zangu, na Profesa naye analo, maana nilimwandikia kwa herufi kubwa nikalibandika kwenye kasha la miwani.

Programu haikusambazwa. Ilirudishwa shule, ikafundishwa upya na watu watatu wenye macho yaliyopimwa. Profesa kwa upande wake hakukaa bure. Baada ya miezi michache aliandika makala kwenye jarida la wataalamu, kurasa kumi na moja, kwamba amegundua hatari kubwa: programu za kupima uvimbe huweza kurithi kasoro za mwalimu wao. Nasikia alialikwa kwenye makongamano mawili. Ukutani amebadilisha picha, sasa kuna nyingine kubwa zaidi, amevaa miwani, amekunja uso kama mtu aliyezaliwa nayo. Vumbi naifuta mimi.

Fundi alinichapia ukurasa mmoja wa makala ile, ule unaomhusu Bwana Tulia, nikampelekea wifi nyumbani. Alikuwa amekaa mezani, bakuli la supu mbele yake. Dawa alikuwa bado anachomwa kila baada ya wiki tatu.

"Soma kwa sauti," alisema.

Nikasoma. *Jeli ilitayarishwa kwa utaratibu wa kawaida.*

"Basi?"

"Basi."

"Utaratibu wa kawaida ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi."

Wifi akacheka mpaka akashika ubavu, upande wa ini, nikaogopa, akanipungia mkono nisiogope. "Lakini wifi," akasema akifuta machozi, "wamekuonea nini? Siku kaka yangu alipokuleta nyumbani, mama alituuliza jikoni, haya, mnamwonaje bibi harusi? Mimi nikasema: wa kawaida."

"Uliniambia mlisema mzuri."

"Mama alisema mzuri. Mimi nilisema wa kawaida." Akainua bakuli, akanywa mpaka chini, akalisukuma upande wangu wa meza. "Ongeza. Na chumvi, safari hii."